Sita, Moja, Saba, Nne

Sadiyo alipewa talaka pamoja na hesabu ya kutoa.

Ilikuwa asubuhi, huko Balambala, naye ameinama akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi. Mumewe, Dubow, alikuwa Garissa tangu juzi. Alirudi bila salamu, akasimama mlangoni na karatasi mkononi, akazungumza kama mtu aliyekariri njia nzima.

"Nimekupa talaka moja. Kusanya vitu vyako. Kaka yako nimeshampigia simu, yuko njiani."

Sadiyo alidhani moshi umemziba masikio. "Kwa kosa gani?"

Dubow akamrushia ile karatasi. Ilimgonga shavuni, ikaanguka kwenye majivu. Sadiyo akaiokota. Juu yake palikuwa na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya simu, 2806. Chini yake mtu alikuwa amezipanga upya, kubwa zikitangulia, akatoa zile zile zikiwa zimepangwa kinyume: 8620 toa 0268, jibu 8352. Kisha jibu hilo nalo likapangwa vivyo hivyo: 8532 toa 2358, jibu 6174. Na hiyo ya mwisho ilizungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, mara mbili.

"Hiyo ndiyo namba yako," Dubow alisema. "Namba ya kaburi. Ngamia wangu karibu wote wameisha kwa ukame, mimba mbili zimetoka, nami nikawa najiuliza, mbona mimi? Adeer Jelle amenifumbua macho. Aliiandika namba hiyo, akaifungia ndani ya kopo kabla sijafungua mdomo. Tulipomaliza hesabu, kopo likafunguliwa. Ilikuwa hiyo hiyo! Utabishana na hilo?"

Sadiyo alikuwa amefika kidato cha pili kabla ya kuolewa, na hesabu ndiyo iliyokuwa somo lake. Njiani, nyuma ya pikipiki ya kaka yake, aliirudia ile hesabu kichwani mara kumi akitafuta kosa. Halikuwepo.

Huyo Jelle, ambaye watu walimwita adeer, yaani ami, kwa heshima ya umri wake, alikuwa mpiga ramli wa siku nyingi katika soko la mifugo la Garissa. Zamani alitumia mchanga na kokoto, mpaka mahubiri ya msikitini yalipowafanya watu waone haya kuonekana kwake. Ndipo akabadilika na wakati. Akatundika turubai, akaandika kibao, akawa anasema kwamba yeye hapigi ramli tena, anapiga hesabu, na hesabu haina haramu. "Babu zetu walisomewa nyota kwa jina la mama," alikuwa akisema. "Leo mtu anaitwa kwa namba ya simu. Namba yako ndiyo jina lako." Aliwaingiza watu mmoja mmoja, na sharti lake lilikuwa moja: ukitoka, usiitaje namba uliyofikia, hata kwa ndugu wa tumbo moja, ila kwa mwenye namba mwenyewe. Ukiitaja, itakugeuka. Wengine aliwaambia namba yao ni ya baraka, wengine ya safari, wengine ya kaburi. Kila mmoja akaondoka na yake kifuani, kimya.

Sadiyo alikaa eda kwa kaka yake. Wanawake walipokuja kumpa pole aliwapa chai, lakini hakuwaambia kilichoandikwa kwenye karatasi. Aliona aibu. Usiku alijiuliza kama ni kweli mimba zile ziliuawa na yeye mwenyewe, kwa namba aliyoichagua kwa sababu ilikuwa rahisi kukumbuka.

Eda ilipokwisha alihamia Garissa kwa Leyla, binti wa mama yake mdogo, aliyekuwa na duka dogo la laini na vocha karibu na Soko Mugdi. Leyla alikuwa mwanamke mwenye kicheko kikubwa na mkono wa kutoa, na hakumuuliza maswali. Alimpa kiti, kalamu, na daftari la kuandikisha wateja wa laini mpya.

Ilikuwa siku ya nne au ya tano, wateja wamepungua kwa joto la adhuhuri, Sadiyo alipoanza kuzitazama namba za watu katika lile daftari. Alitaka kitu kimoja tu: kumpata mwenzake. Mwanamke mwingine mmoja katika mji huu mwenye namba ya kaburi, ili wawe wawili. Akachagua namba ya mama mmoja muuza nguo, mwenye watoto wanane na nyumba ya mawe, akijua kabisa kwamba huyo hatakuwa yeye. Akapanga, akatoa. Akapanga, akatoa. Ikaja 6174.

Maskini, alifikiri, kumbe hata yeye, na hajui.

Akajaribu ya Leyla, 4193. Ikaja 8082, kisha 8532, kisha 6174.

Sadiyo akaweka kalamu chini. Akamtazama Leyla, aliyekuwa akicheka na mteja dirishani, mumewe hai, watoto wake shuleni. Akaichukua kalamu tena. Alijaribu ya imamu wa mtaa. Alijaribu ya mkuu wa ofisi fulani aliyenunua laini wiki ile. Daftari lilipomchosha alitoka nje akasoma namba za simu zilizoandikwa ubavuni mwa malori yaliyopita, akatumia miaka ya kuzaliwa, akatumia namba alizozibuni tu. Nyingine zilifika kwa hatua mbili, nyingine zilizunguka na kuzunguka hadi akapata tumaini, kisha zikaanguka mle mle. Hakuna iliyozidi hatua saba. Adhana ya alasiri ilimkuta amejaza kurasa tisa, na kila ukurasa ulikuwa na mwisho mmoja.

Siku hiyo hiyo alikuja kununua vocha mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mpole wa miwani. Sadiyo akamsukumia daftari.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Mwalimu akasoma, akatabasamu. "Ala! Nani amekufundisha? Hii inajulikana, abaayo, dada yangu. Kuna mwalimu wa India aliyeiona miaka mingi iliyopita. Ni tabia ya namba hii tu. Tazama: chukua 6174 yenyewe, ipange. 7641 toa 1467. Unapata nini?"

Sadiyo akatoa. "6174."

"Umeona? Inajizaa yenyewe. Namba nyingine zinatembea, hii imekaa. Zinazotembea zote zinaishia kwake, na zikishafika hazitoki tena."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuijua kabla, hata hajaiona namba yangu?"

"Hata mtoto anaweza. Ni mchezo wa darasani."

Mwalimu alichukua vocha yake akaenda. Sadiyo alibaki amekaa, mikono juu ya daftari. Leyla alipomgeukia aliona uso ambao hakuwahi kuuona.

"Leyla," alisema polepole, "Dubow ameoa tena?"

Leyla akasita. Habari ilikuwa imemfikia wiki mbili zilizopita, akaificha kwa huruma. "Ameoa. Msichana anaitwa Faduma."

"Binti wa nani?"

"Wa... wa dada yake Jelle."

Basi huzuni aliyokuwa amebeba tangu Balambala ikamtoka siku ile kama maji yanavyoacha mto, na kilichobaki chini kilikuwa mawe matupu. Kumbe hakufukuzwa na nyota. Alifukuzwa na mtu mwenye mpwa wa kuozesha. Na mimba zake mbili, alizozililia peke yake, mtu huyo alizichukua akazifanya ushahidi.

"Twende kwa wazee," Leyla alisema. "Au kwa kadhi. Una haki."

"Wazee watanipa pole na mbuzi. Sitaki pole." Sadiyo alifunga daftari. "Nataka aumbuke pale pale alipojipatia jina, na jua likiwa utosini."

Alisubiri Jumatano, siku ya mnada, wakati soko la mifugo linajaa watu kutoka Kotile hadi ng'ambo ya mto, vumbi na milio ya ng'ombe vikipanda pamoja. Alivaa nikabu, akachukua chaki na kigoda, akaenda kukaa hatua ishirini kutoka turubai la Jelle, kando ya lori la mifugo lililokuwa limeegeshwa. Watu kumi na wawili walikuwa kwenye foleni. Alingoja wa kwanza atoke.

Alitoka mzee mmoja anayeitwa Mahat, mchungaji mwenye ndevu nyekundu za hina, macho chini, midomo imefungwa juu ya siri yake.

"Adeer," Sadiyo alimwita, "umepewa namba. Usiitaje. Nitakutajia mimi."

Mzee akasimama. "Wewe ni nani?"

"Sita, moja, saba, nne."

Fimbo ya mzee Mahat ikaanguka. Aliangalia huku na huku kana kwamba mtu amemvua nguo. "Umesikia kutoka ndani!"

"Niko hatua ishirini, na ng'ombe wanalia. Kaa hapa, adeer. Mngoje mwenzako."

Akatoka mwanamke muuza maziwa, Rukiyo. Kabla hajavuka kivuli cha turubai Sadiyo akapaza sauti: "Sita, moja, saba, nne!" Rukiyo akashika mdomo. Mzee Mahat akamtazama Rukiyo, Rukiyo akamtazama mzee Mahat.

"Na wewe pia?" mzee aliuliza. "Wewe alikuambia ni namba ya nini?"

"Ya baraka," Rukiyo alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi ameniambia ya kaburi! Ameniambia nivunje posa ya binti yangu, kijana ana namba ya kaburi!"

Akatoka wa tatu, akatajiwa. Akatoka wa nne. Kufikia wa tano, foleni ilikuwa imeacha kuwa foleni. Watu wote walikuwa upande wa lori, na madalali wa ng'ombe walikuwa wameacha bei zao wakaja kutazama. Dereva wa lori, Mkamba kutoka Mwingi, akateremka.

"Mama, hata mimi nisomee. Bure, sivyo?"

"Bure. Nipe namba nne za mwisho."

Akampa. Sadiyo akaandika kwa chaki ubavuni mwa lori, tarakimu kubwa, akitoa polepole ili kila aliyesoma afuate na asiyesoma asomewe na jirani. Ikaja ile ile. Watu wakapiga ukelele. Wakaanza kumrushia namba, yangu, yangu, ya mke wangu, na waliojua kuhesabu wakachukua vijiti wakaandika vumbini, na kila kona ya soko ikawa na mtu anayeinua kichwa akisema, "Wallahi, ni hiyo hiyo!"

Ndipo Jelle akatoka. Alikuwa mtu mrefu, kanzu nyeupe, tasbihi shingoni, fimbo mkononi.

"Nani anacheza na namba za watu? Mwanamke huyu atawaletea balaa! Nimewaambia msizitaje!"

Sadiyo akafunua uso.

Jelle alimtambua. Alimwona siku ya harusi yake na Dubow, miaka saba nyuma, na alikula pilau yake.

"Adeer Jelle," Sadiyo alisema, "umetusomea sote. Wewe hujasomewa. Na namba yako iko pale kwenye kibao chako, hatuna haja hata ya kukuuliza." Akageukia lori akaandika 7350.

"Acha!" Jelle alisema.

"7530 toa 0357," Sadiyo alisema, na dereva akarudia kwa sauti ya mnada. "7173."

"Si hiyo!" mtu mmoja alipiga kelele, na Jelle, maskini, akapumua kidogo.

"7731 toa 1377. 6354. Bado. 6543 toa 3456. 3087. Bado." Alikuwa akienda polepole makusudi. Alitaka Jelle atumaini. Alitaka asimame katika jua lile akiiombea namba yake ipotee njia, kama yeye alivyoomba nyuma ya pikipiki. "8730 toa 0378. 8352. Tumekaribia, adeer. 8532 toa 2358."

Hakuandika jibu. Alimpa Jelle chaki.

"Malizia wewe. Hesabu ni yako."

Jelle hakuipokea. Soko lote likamalizia kwa ajili yake, tarakimu moja moja, kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Kisha kijicheko kikaanza mahali fulani nyuma, kikakua, lakini hakikudumu, maana mzee Mahat hakuwa akicheka. Alikwenda moja kwa moja turubaini akatoka na lile kopo, akalipasua juu ya jiwe. Karatasi zikamwagika, nyingi, zimekunjwa kwa ustadi. Watu wakazikunjua. Hakukuwa na namba ya pili.

"Ningemliza binti yangu kwa karatasi hizi," mzee Mahat alisema.

Mwingine alikuwa ameuza shamba lake la kando ya mto. Mwingine alikuwa amemzuia mkewe asiende hospitali. Walimsogelea. Madalali wakubwa ndio waliomwokoa, wakamsukuma kati yao mpaka barabarani, kiatu kimoja kimebaki nyuma, na turubai likawa vipande kabla ya adhuhuri. Sadiyo alitazama yote mpaka mwisho. Watu walimwambia akae kivulini; alikataa. Alitaka kuona.

Dubow alikuja dukani wiki tatu baadaye. Alikuwa amekonda. Balambala yote ilikuwa na ile habari. Akipita kisimani, wachungaji walimwita Sita-Moja.

"Nimekosa," alisema akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. "Nilidanganywa. Eda imepita, lakini nitaleta mahari mpya, tufunge nikaha upya. Faduma nitamrudisha kwao."

"Faduma amekosa nini?"

"Ni mpwa wa yule mshenzi."

Sadiyo akamtazama. Hata sasa alikuwa akitafuta mwanamke wa kubebesha lawama. Neno la huruma alilokuwa nalo likaishia hapo.

"Sikiliza, Dubow. Huyo usimguse kwa jina langu. Mimi nina sharti moja. Namba yangu ilifika kaburini. Namba yako je?"

"Sijajaribu."

Akampa karatasi na kalamu, akamfanya ajaribu pale pale, mbele ya wateja. Namba yake ilikuwa 9015, na ilimchukua hatua saba zote. Alitoka jasho. Alipofika aliinamisha kichwa.

"Basi mtu wa kaburi hawezi kuoa mtu wa kaburi," Sadiyo alisema. "Kanitafutie namba ya simu isiyofika huko. Moja tu. Ukiipata ukaifanya yako, njoo tuzungumze."

Alimtuma kama mtu anavyomtuma adui kuchota maji kwa kikapu. Na Dubow alikwenda. Alionekana Soko Mugdi na daftari la kurasa mia, akiwaomba watu namba zao nne za mwisho. Wanawake walimpa huku wakicheka ndani ya shela. Alionekana kituo cha basi, alionekana nje ya misikiti, midomo ikitikisika, akitoa na kupanga. Kila jioni mtu alileta habari dukani, na Sadiyo alizipokea kama mwenye kiu. Leyla alianza kumhurumia yule mwanamume. "Mwache, walaal, ndugu yangu, ameshaumia." Sadiyo alikuwa akiendelea kupanga vocha.

Mwezi wa tatu tangu atumwe Dubow alirudi, safari hii akitembea haraka, macho yanang'aa. Akaweka laini mpya juu ya meza.

"Nimeipata. Ni namba ya matajiri, nimeuza ngamia jike kuinunua. Mwisho wake ni tano, tano, tano, tano. Ipange upendavyo!"

Sadiyo aliigeuza ile laini mkononi. Hili hakulifikiria, katika daftari la Leyla hakukuwa na mtu mwenye namba kama hiyo. Akachukua kalamu. 5555, kubwa mbele. 5555, ndogo mbele. Hakuna tofauti. Akatoa.

"Sio ile!" Dubow alisema, karibu kulia kwa furaha. "Umeona? Haifiki kule!"

"Haifiki," Sadiyo alikubali. "Imefika wapi?"

Dubow akatazama karatasi. Zilikuwa sufuri, zimejipanga.

"Nimesema ukiipata tutazungumza. Tumezungumza," Sadiyo alisema. "Na nilichonacho kwako umeshakisoma mwenyewe. Rudi kwa mkeo. Wateja wananingoja."

Dubow aliichukua laini yake ya bei ghali, akatoka. Sadiyo alimhudumia mteja wa kwanza, na wa pili. Alipofika wa tatu aligundua kwamba hakumsikia alichotaka, akamwomba arudie.

Jioni Leyla alifunga mlango wa bati, akauliza, "Sasa moyo umetulia?"

Sadiyo alifikiri kweli kweli kabla ya kujibu. "Nilidhani utatulia leo."

Wiki ile ile, dereva wa Mwingi alipita kununua vocha, akataja katika maongezi kwamba huko Bute, kaskazini ya Wajir, alikopeleka unga, ameona turubai jipya sokoni na foleni mbele yake. Mtu mrefu, alisema, kanzu nyeupe. Safari hii haulizi namba ya simu. Anauliza namba ya kitambulisho.

Sadiyo alimshukuru, akampa chenji yake. Kisha akamwuliza basi la Wajir huondoka saa ngapi.

"Bute ni mbali, Sadiyo!" Leyla alisema. "Siku mbili za vumbi! Na kule humjui mtu."

"Jelle ananijua," Sadiyo alisema, akaanza kukunja nguo zake.